Lokichoggio: Pale Ndege za Jeshi Zilipobeba Unga

Mwezi huu tunafunga safari ndefu kidogo, mpaka Lokichoggio, kaskazini-magharibi mwa nchi ya Kenya. Mtaniuliza: Pasta, sisi watu wa mgodi tuna shauri gani na jangwa la Waturkana? Ngojeni. Shauri ni avio. Ni zile avio zenye mlango mkubwa kwa nyuma, zinazobeba magunia na watu pamoja, ambazo wengi wetu tumezipanda, ao tumewasindikiza ndugu zetu kuzipanda huku mikono ikitoka jasho. Kama unataka kujua ndege hizi zinatoka wapi na kwa nini ziko kwetu, Lokichoggio ni fasi nzuri ya kujifunza.

Ukitoka Kitale kwa gari, unaacha nyuma nchi ya mahindi na baridi, unashuka milima, na joto linakupokea kama mtu aliyefungua mlango wa tanuru. Unapita Lodwar. Unapita Kakuma, ambako kambi kubwa ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka wa 1992, na ambako hata leo unaweza kusalimiwa kwa Kiswahili cha Congo, maana ndugu zetu wengi wamefika huko. Halafu bado karibu kilometa mia moja za mawe, miiba, mbuzi na ngamia. Mwisho wake ni Lokichoggio, ambayo watu wote wanaiita Loki. Toka hapo mpaka wa Sudani ya Kusini uko kama kilometa thelathini tu.

Hakuna shaba huko, wala dhahabu iliyofanya watu kukusanyika. Kilichojenga Loki ni njaa ya majirani. Vita ya Sudani ilianza tena mwaka wa 1983. Mwaka wa 1988 njaa iliua watu wanaokadiriwa kuwa 250.000 katika sehemu za kusini. Mwezi wa Aprili 1989 Umoja wa Mataifa, pamoja na PAM, UNICEF na mashirika mengi ya makanisa na ya watu wengine, walianza kazi iliyoitwa Operation Lifeline Sudan. Serikali ya Khartoum na waasi, wote wawili, walikubali kwamba chakula kipite. Lakini kingepita wapi? Barabara zilikuwa na mabomu ya kutegwa, madaraja yalikuwa yamevunjika, na wakati wa mvua udongo mweusi wa kule unameza kamioni mpaka kwenye milango. Basi kilipita angani, na Loki ikawa mlango.

Katika miaka ya 1990 kiwanja kile cha jangwani kiligeuka kuwa kati ya viwanja vyenye kazi nyingi kupita vyote katika Kenya. Mahema yakawa nyumba, nyumba zikawa mitaa. Msalaba Mwekundu ulikuwa umefungua hospitali pale Lopiding tangu 1987, na majeruhi walifika kwa ndege toka ng'ambo ya mpaka, wengine wakiwa wamekatwa mguu na bomu la kutegwa. Asubuhi mapema, kabla jua halijapasha hewa na kuifanya nyepesi, ndege zilipanga mstari.

Na ndege gani! Huko ndiko mtoto wa Kiturkana mwenye kuchunga mbuzi alijua majina ya mitambo ambayo watoto wa Ulaya wanaiona katika vitabu tu. Kulikuwa Hercules, ambayo baba zetu waliijua katika jeshi la Zaire. Kulikuwa Buffalo ya Kanada, yenye mkia mrefu kama mnara wa kanisa. Kulikuwa Antonov za Urusi na Ukraine. Na kulikuwa moja adimu ambayo nataka tukae nayo kidogo, maana historia yake ni kama historia ya mtu. Ni ndege ya Kiingereza inayoitwa Andover.

Andover yenye mlango wa nyuma ilitengenezwa 31 tu, basi. Dakota, ile DC-3 ambayo wazee wetu wa Goma na Bukavu waliipanda, ilitengenezwa zaidi ya 10.000. Kwa hiyo mnaona tofauti. Serikali ya Uingereza ilitaka ndege ya askari itakayotua katika shamba bovu, karibu na vita. Walikuwa na ndege ya abiria iitwayo 748, iliyoruka mara ya kwanza mwaka wa 1960. Mwaka wa 1962 waliijaribu pamoja na mshindani wake katika uwanja wenye matope pale Martlesham Heath, na 748 ikashinda. Basi wakaikata nyuma, wakaitia mlango wa kushuka kama daraja, wakaiwekea elisi kubwa zaidi na motere zenye nguvu zaidi. Ya kwanza ya jeshi iliruka mwezi wa Julai 1965.

Lakini jambo lililonifurahisha mimi ni miguu yake. Andover inapiga magoti. Ndiyo. Miguu mikubwa ya magurudumu inafupishwa, mwili unashuka kwa nyuma, na sakafu inafika karibu na kamioni, ili gari ao pipa viingie bila kuinuliwa sana. Wasomaji wa Mwanzo 24 watamkumbuka yule mtumishi wa Abrahamu aliyewapigisha ngamia zake magoti kando ya kisima. Wazungu wale sijui kama walimfikiri ngamia, lakini mchungaji wa Loki aliyeona jambo hilo hakuhitaji kufasiriwa.

Ndege hiyo haikukaa sana kwa bwana wake wa kwanza. Kufika 1975 Uingereza ilikuwa na shida ya feza, ikapunguza ndege za kubeba mizigo za jeshi lake. Andover nyingi zikatolewa katika kazi ile. Ndugu yake mkubwa, iitwayo Belfast, ambayo zilitengenezwa 10 peke yake, ikaondolewa kabisa mwaka wa 1976, na kampuni moja ya raia ikanunua kadhaa. Halafu mwaka wa 1982, wakati wa vita ya visiwa vya Falkland, serikali ile ile ilirudi kwa kampuni hiyo na kukodi ndege zake yenyewe za jana. Nyumbani tunamjua mtu wa namna hiyo: anauza baiskeli yake Jumatatu, Jumatano anaiomba kwa aliyeinunua, na safari hii analipa.

Andover 10 zilinunuliwa na New Zealand kuanzia 1976. Huko nazo zilivaa nguo za jeshi, lakini kazi yake ilianza kubadilika. Baada ya vita ya Iran na Irak kusimama mwaka wa 1988, moja ilitumwa kusaidia waangalizi wa Umoja wa Mataifa waliolinda amani ile. Mwaka wa 1993 tatu zilifika Somalia, wakati wa njaa na vita ya makabila. Ndipo zilipogusa udongo wa Afrika ya mashariki. Kabla ya miaka ile ya 1990 kwisha, New Zealand iliziuza, na kadhaa zikarudi upande huu huu, sasa bila askari. Kampuni moja ya Kenya, ambayo ilichukua jina lake kutoka namba ile 748, ilizitumia Loki. Nyingine, zile zilizobaki Uingereza, ziliuzwa katikati ya miaka ya 1990, na baadhi yake ziliandikishwa kwetu, wakati nchi yetu ingali inaitwa Zaire, zikapakwa herufi za 9Q. Kwa hiyo hadithi hii si ya wageni tu.

Juu ya nini zije Afrika? Kwa sababu ya barabara. Hilo ndilo jambo ninalotaka mlishike. Ndege nzee ya jeshi inaishi pale barabara imekufa. Ulaya kuna reli na njia ya lami kila upande, nani atalipa mafuta ya ndege kwa kupeleka gunia la unga? Lakini pale ambapo kamioni inatumia wiki tatu, ao haifiki kabisa, ndege iliyoundwa kutua karibu na vita inapata kazi, hata kama vita haiko. Kiwanja cha udongo ni kile kile. Mbuzi wanafukuzwa uwanjani namna ile ile. Mlango wa nyuma uliofanywa kwa ajili ya gari la askari unaingiza vizuri pipa la mafuta, mabati ya shule, mashine ya kusaga.

Kule Loki kulikuwa namna mbili za kupeleka chakula. Hercules ziliruka chini chini, juu ya uwanja uliowekwa alama, zikainua pua, na magunia yakateleza nje kwa mlango wa nyuma na kuanguka. Nafaka ilitiwa katika gunia, na gunia lile ndani ya lingine tena, ili la ndani likipasuka la nje lishike. Watu walikatazwa kukaribia, kwa maana gunia la kilo 50 likitoka angani linaua. Namna ya pili ni ile ya Andover, Buffalo na ndege ndogo zaidi: kutua kabisa, kushusha dawa, mbegu, nyavu za samaki, na wakati wa kurudi kubeba mgonjwa. Mimi napenda hii ya pili. Gunia linaloanguka halimwulizi mtu habari yake.

Lakini tusizifanye ndege kuwa malaika. Mwanzo wa mwaka wa 1998, wakati njaa ilipokuwa inashika Bahr el Ghazal, serikali ya Khartoum ilizuia ndege kuingia katika jimbo lile kwa majuma kadhaa. Ndege zilikuwa Loki. Chakula kilikuwa katika maghala. Rubani alikuwa tayari. Na watu walikufa kwa ajili ya ruhusa. Mtambo unaweza kupiga magoti, moyo wa mwanadamu ukakataa.

Wahubiri wanapenda Isaya 2:4, pale nabii anaposema habari ya silaha kugeuzwa vyombo vya shamba, na mimi pia nimeihubiri. Watu wakiona ndege ya jeshi ikibeba mahindi wanasema, tazama, neno limetimia. Polepole! Isaya anazungumza habari ya mhunzi. Chuma kile kiliingia motoni, kikawa chekundu, kikapigwa nyundo mpaka umbo lake la zamani likapotea. Ndege hizi hazikuingia motoni. Zilipakwa rangi tu. Mlango ni ule ule, na kesho unaweza kupokea sanduku la risasi kama jana ulivyopokea sanduku la chanjo. Kwa sababu hiyo nabii Yoeli, katika sura ya 3:10, anaonyesha watu wakirudi nyuma, wakifanya jembe kuwa upanga. Sisi wa Congo tumeona yote mawili, pengine katika juma moja, na pengine kwa ndege moja.

Tena kuna jambo la ufundi ambalo vijana wetu wanaosoma mekanika watalielewa haraka. Motere ya Andover inaitwa Dart, ya Rolls-Royce. Motere hiyo si adimu. Ilikuwa pia katika Fokker 27, ambayo Air Zaïre iliitumia, na katika Viscount. Kwa hiyo mafundi wa Kinshasa na wa Nairobi waliijua. Ila miguu inayopiga magoti na mlango wa nyuma ni vya zile 31 tu. Kikivunjika kipande, hakuna duka. Unafanya nini? Unakitoa katika nyingine. Ndege adimu inakula wenzake. Moja inakaa chini kando ya kiwanja, bila elisi, bila magurudumu, ili dada yake aruke mwezi mmoja zaidi, na mwaka unaofuata dada naye anakaa. Hivyo ndivyo jamii ya ndege inavyokwisha, hata bila ajali.

Na kwa kuwa ilijengwa kwa jeshi, haikuwa rahisi ndege ya namna hiyo kupata karatasi za kubeba mizigo ya biashara katika nchi kali. Kwa hiyo karatasi zilitafutwa mbali. Andover kadhaa zilizolala Kenya zilikuwa na herufi 3C, yaani za Equatorial Guinea, upande mwingine kabisa wa bara. Mtu akiandikisha motokari yake fasi ambayo hakuna polisi atakayeitazama, ninyi mngefikiri nini?

Hapa nirudi kwetu, maana najua kuna familia zitakazosoma ukurasa huu na kukumbuka marehemu.

Tarehe 8 Januari 1996, Antonov 32 ilitaka kuruka toka kiwanja cha Ndolo, katikati ya Kinshasa, kwenda Kahemba. Antonov 32 ni ndege ya kubeba mizigo iliyotengenezwa kwanza kwa jeshi la India, kwa ajili ya milima na joto. Ina nguvu nyingi. Lakini siku ile uzito ulipita nguvu. Haikuinuka. Ilipita mwisho wa kiwanja na kuingia katika soko la Simbazikita, kati ya mama waliokuwa wakiuza. Walikufa zaidi ya watu 200, nao hawakuwa abiria. Walikuwa mbele ya meza zao za mboga na mihogo.

Tarehe 8 Mei 2003, Ilyushin 76, kubwa kuliko zote nilizotaja, ilitoka Kinshasa kuja Lubumbashi. Ndani mlikuwa askari na polisi pamoja na wake zao na watoto wao. Ndege ile iliundwa kubeba magari ya jeshi, na watu wake wengi walikaa chini, kati ya mizigo. Hewani, mlango wa nyuma ukafunguka. Rubani aliweza kuirudisha Kinshasa, lakini walio karibu na mlango walikuwa wamekwenda. Hesabu za waliopotea hazikulingana, kwa sababu orodha ya walioingia haikuwa kamili.

Kule Loki, mlango ule ule wa nyuma ulitoa unga. Kwetu ulitoa watoto. Tofauti haikuwa katika chuma. Kule kulikuwa mtu mwenye mizani, mwenye orodha ya kila kilo, ambaye angeweza kumwambia rubani leo huruki, na rubani asingeruka. Sisemi kwamba kule hapakuwa ajali. Zilikuwako. Nasema tu kwamba gunia la mahindi la PAM lilipimwa na kuandikwa, na mama wa askari wa Lubumbashi hakuandikwa.

Nimesikia mazungumzo ya kiwanjani mara nyingi. Mtu anauliza kama kuna kiti. Anajibiwa: "Mama, kiti hakuna, muikale tu juu ya masaka." Na mama anapanda, kwa sababu mgonjwa anamngoja, ao kwa sababu biashara yake ni samaki kavu na inaharibika, ao kwa sababu gari-moshi limesema wiki moja na sasa ni ya tatu. Siwezi kumlaumu. Ila vijana wa kanisa wanaofanya kazi ya kupakia, wanaolipwa kwa kila mzigo, nimewaambia mara nyingi: gunia lile la mwisho linaloingizwa usiku bila kupita kwenye mizani, wewe unalijua kuliko rubani.

Na Loki leo? Amani ya Sudani ilitiwa sahihi tarehe 9 Januari 2005. Mashirika yakaanza kuhamia Juba. Msalaba Mwekundu ukaacha hospitali ya Lopiding mwaka wa 2006. Tayari tangu 2004 PAM ilikuwa inaondoa mabomu katika barabara na kutengeneza madaraja, na kila kilometa iliyofunguliwa iliondoa kazi kwa ndege fulani. Baadaye njia kubwa ikawa ile ya Uganda: barabara ya lami ya kilometa 192 kutoka Nimule mpaka Juba ilimalizika mwaka wa 2012. Watu wa Loki waliokuwa wapishi, walinzi, wapakiaji na wenye hoteli ndogo walibaki na mji uliopungua. Vita mpya ya Sudani ya Kusini, iliyoanza Desemba 2013, ilileta tena magunia ya kuanguka toka angani, lakini mara hii ni Ilyushin kubwa zilizofanya kazi ile, tena toka viwanja vingine.

Kati ya zile Andover 31, moja imewekwa katika jumba la makumbusho la Cosford, Uingereza, na nyingine Wigram, New Zealand. Zimeoshwa, na wageni wanazipiga picha. Zile za Afrika hazikuwekewa jumba. Na toka Bisie, huko Walikale, ambako miaka ya 2000 ndege ndogo zilitua juu ya kipande cha lami cha Kilambo ili kuchukua kasiteriti na kushusha bia, sabuni na mchele, mchimbaji alibeba gunia lake mgongoni siku mbili porini kabla ya kuiona hiyo lami.